Bustani ya Kiboriloni: mpangilio wa kihamba, mimea ya tambarare

Mtu wa Old Moshi au Kirua, huko juu mlimani, akijenga Kiboriloni, chini mjini Moshi, hushuka na kihamba chake (shamba la nyumbani la Kichaga) kichwani. Anapanda migomba mbele ya nyumba, anazungushia masale, anaongeza mikahawa miwili mitatu karibu na ukuta. Masika yakiwepo, kila kitu kinapendeza. Ikifika Septemba utamkuta ameshika mpira wa maji kila jioni, majani ya mgomba yamechanika kwa upepo, ncha za masale zimeungua, na bili ya maji inamsubiri mezani.

Juhudi anazo. Ila mahali ni pengine. Kiboriloni iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Moshi hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ni ya Machi hadi Mei. Vihamba vya juu hupata karibu mara mbili ya hizo, na huko kuna mifongo iliyochimbwa na wazee ikiteremsha maji ya mlima hadi shambani. Ukiuleta mgomba chini bila mfongo, umejitwisha wewe kazi ya mfongo.

Hata hivyo, kihamba usikitupe chote. Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia, na sababu inaonekana kwa macho: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na viazi chini kabisa. Kivuli juu ya kivuli, na udongo hauachwi uchi hata mara moja. Mpangilio huo unafaa Kiboriloni kuliko hata huko juu. Kinachotakiwa kubadilika ni mimea yenyewe. Hiyo itafute kwa kutazama chini: safiri kutoka Himo kwenda Mwanga na Same mwezi wa Septemba, angalia ni nini kilicho hai kando ya barabara bila mtu wa kukimwagilia.

Kabla ya kununua mche wowote, lijue jua lako. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na tena kabla ya katikati ya Machi. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini, upande wa mlima; Desemba huegemea kusini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupumzika kwa zamu. Ukuta wa magharibi hauna likizo. Ndio unaochomwa kila alasiri, mwaka mzima, na chumba kilicho nyuma yake ndimo ambamo watu hushindwa kulala Januari. Basi mti wako wa kwanza uwe wa magharibi, na kama fedha inatosha mti mmoja tu, uwe huo huo.

Mti gani? Mringaringa ningeuweka mbele. Ni wa kwetu, hukua haraka, hutoa kivuli kipana na maua meupe yanayovuta nyuki, na majani yake makubwa yakianguka ni matandazo ya bure. Unataka udongo wenye kina, kwa hiyo kama kiwanja chako kina mwamba karibu, chagua mkwaju, ambao huchukua miaka mingi lakini ukishashika hauulizi maji. Mtalawanda, wenye maua ya njano na umbo jembamba, unafaa kiwanja kidogo. Mgunga ni hodari kuliko wote kwa ukame, ila miiba yake haifai karibu na njia ya watoto. Mwegea ni mti mzuri sana wa kutazama, lakini matunda yake huwa na uzito wa kilo kadhaa. Usiegeshe gari chini yake wala usiweke benchi. Wowote utakaochagua, uache mita sita au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali hivyo hivyo na karo. Msesewe uache huko huko kwenye mito. Ni mti wa maji.

Maji sasa, maana hapa ndipo bustani nyingi hufia. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 2,000. Toa zinazorukia nje na zinazopotea kwenye gata, bado unabaki na zaidi ya 1,500 kwa mvua moja tu. Wengi wetu huziacha zichimbe korongo getini kisha ziende barabarani. Kama tanki bado, elekeza gata kwenye bustani kwa mfereji mfupi, na kila mti utengenezee kinga la udongo lenye umbo la mwezi mwandamo, mgongo wake ukielekea mteremko unakoshukia na mdomo wake ukitazama juu. Maji yanayoteremka yatasimama hapo na kuzama. Katika eneo lenye mteremko kama letu, kinga la kimo cha sentimita 20 lina faida kuliko nusu saa ya mpira wa maji. Tanki likiwepo, lifunike vizuri, vinginevyo utafuga mbu.

Na mgomba wako unaoupenda? Panda shina moja mahali pake: pale maji ya bafuni yanapotokea. Mgomba utaishi vizuri kwa maji hayo, mradi hayana jiki. Mmea unaopenda maji ukae karibu na maji, unaovumilia ukae mbali. Ukiichanganya, utamwagilia yote kwa kipimo cha ule wenye kiu zaidi, na shubiri yako itaoza.

Chimba mashimo Februari, ardhi ikiwa bado kavu, ya sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na samadi iliyooza kabisa. Mbichi huchoma mizizi. Panda baada ya mvua za kwanza za masika kulowesha ardhi kwa kina, sio siku ya manyunyu ya kwanza. Masika yakiisha, mti mchanga upewe ndoo moja ya lita 20 mara moja kwa wiki, ikimwagwa polepole jioni. Kunyunyiza kidogo kila siku kunaifundisha mizizi kubaki juu, na mizizi ya juu ndiyo ya kwanza kukauka. Mwaka wa pili ndoo hiyo iwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Mwaka wa tatu uache mti ujitafutie.

Tabaka la chini ndilo lenye furaha. Shubiri za kwetu zina maua mekundu na ya machungwa ambayo ndege chozi huyafuata hata ukiwa mjini. Mojawapo, Aloe volkensii, ina jina la Georg Volkens, mwanabotania Mjerumani aliyefanya utafiti Kilimanjaro miaka ya 1890. Shubiri hupandwa kwa machipukizi: ng'oa chipukizi, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, ndipo ulitie ardhini. Ukilipanda likiwa bichi linaoza. Mkonge mwitu, wenye majani magumu yaliyosimama wima, hukubali hata chini ya mti ambako nyasi hukataa. Waridi la jangwani, lenye shina nene na maua ya waridi, linataka jua kali na changarawe. Lioteshe kwa mbegu ili shina linenepe, na usiling'oe porini, maana pori la Same linazidi kunyang'anywa. Masale nayo yana nafasi, kwa sababu mpaka bila isale kwa Mchaga haujawa mpaka. Yapande upande wa mashariki au chini ya mringaringa, yasipigwe na jua la alasiri.

Tahadhari ichukuliwe kwa mimea yenye utomvu. Mnyaa hufanya ua mzuri usiohitaji maji, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa. Ukate ukiwa umevaa miwani na glavu. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu pia, na katika nchi kadhaa za Afrika umetumika kwenye mishale. Nyumba yenye watoto wanaotambaa isubiri kwanza.

Matandazo usiyakose. Tunayo mengi kuliko mikoa mingi: majani makavu ya migomba kutoka juu, maganda ya mpunga kutoka Mabogini na Chekereni, maganda ya kahawa. Tandaza unene wa vidole vinne au vitano, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Maganda ya mpunga ni mepesi na upepo wa Agosti huyabeba, kwa hiyo yaloweshe, kisha yafunike kwa majani ya mgomba.

Nyasi za kijani mwaka mzima ni anasa ya hoteli. Tenga kipande kidogo cha ukoka mahali watoto wanapocheza, na ukoka ukiwa wa kahawia Septemba usihangaike; mvua ikirudi nao hurudi. Sehemu iliyobaki iache uwanja wa kufagia, jinsi bibi zetu walivyofanya, au mwaga changarawe. Uwanja mtupu wa mita moja na nusu kuzunguka nyumba pia unajibu hofu ya nyoka, ambayo ni ya kweli. Punguza matawi ya chini ya vichaka ili fagio lipite na uone kilichopo.

Miche itafute mapema kwenye vitalu, na uagize ya miti ya asili kabla ya msimu, kwa sababu wauzaji wengi huotesha kile kinachoulizwa: mgrivea, msonobari, maua ya kigeni. Mche wa kimo cha goti wenye shina nene unafaa kuliko mrefu mwembamba. Kabla ya kulipa, inua kiriba utazame chini. Mizizi ikiwa imejizungusha ndani kwa kukaa muda mrefu, mrudishie muuzaji na uchague mche mwingine.