SOMO LA MFANYAKAZI: Pikipiki ya Kumfaa Mwenye Miguu Mifupi



Somo letu ni juu ya chombo ambacho wengi wetu tunakinunua kwa akiba ya miezi mingi au kwa mkopo. Pikipiki hutufikisha kiwandani alfajiri na huturudisha nyumbani usiku. Lakini isiyolingana na mwili wa mwenyewe humwangusha, tena mara nyingi ikiwa imesimama. Mguu ukikosa ardhi, kilo 100 au 120 za chuma humlalia. Aliyevunjika mguu hawezi kusimama kwenye mashine wala kupanda mlima wa chai.

Ufupi si kosa. Kosa ni kununua kwa macho.

1. Jipime kwanza

Vaa viatu vya kazi. Simama ukiegemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja na ukivute juu mpaka kiguse kinena. Mwenzako apime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Kisha pimeni pikipiki kutoka ardhini hadi juu ya kiti. Pikipiki nyingi za barabarani za cc 100 hadi 125 zina kiti cha sentimita 76 hadi 80 hivi. Zile za njia mbaya, zenye magurudumu makubwa, hufika 82 hadi 90 na kupita.

Vipimo hivi viwili si lazima vilingane, kwa sababu kiti hushuka kidogo ukikikalia. Angalia pia upana. Kiti kipana hutanua mapaja na kula urefu wa mguu. Kiti chembamba cha sentimita 80 kinaweza kukufaa kuliko kinene cha 77.

2. Ikalie

Si lazima nyayo zote mbili zilale chini. Yatosha sehemu ya mbele ya miguu yote miwili iguse, au unyayo mzima wa mguu mmoja. Mguu huo uwe wa kushoto, ili wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Hapa Burundi tunaendesha upande wa kulia, na barabara huinama kuelekea ukingoni, kwa hiyo ardhi ya kushoto kwako huwa juu kidogo. Ukivuka kwenda Kigoma, ambako wanaendesha kushoto, mambo hugeuka: mguu wa kushoto hukuta bonde.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu. Iinue kutoka kwenye stendi ukiwa umeikalia. Irudishe nyuma kwa miguu. Kisha isimamishe mlimani na uondoke tena, kwanza peke yako, halafu na mtu nyuma. Barabara ya kutoka mjini kwenda Bugarama hupanda zaidi ya mita 1,000, na lori likisimama mbele yako, nawe utasimama.

3. Kazi ya fundi

Fundi mzuri wa Buyenzi anaweza kukusaidia. Aanze na kiti: apunguze sponji, hasa pembeni kwa mbele. Halafu alegeze springi za nyuma kwenye kirekebishi chake. Akishusha nyuma kwa kubadili vyuma, ashushe na mbele kwa kiasi hichohicho, na stendi ifupishwe. Stendi ndefu huiacha pikipiki wima, na upepo huiangusha. Springi zisikatwe. Tena kumbukeni: kila sentimita inayoshushwa huleta injini karibu na mawe ya njia za shamba.

4. Pikipiki ya mwajiri

Msimamizi wa shamba akipewa pikipiki ya kazi, hicho ni kifaa cha kazi kama buti. Buti hugawiwa kwa namba ya mguu. Wajumbe wetu wadai wafanyakazi wapimwe kabla ya ununuzi, na pawepo aina mbili za kuchagua. Mtu akianguka, swali la kwanza liwe juu ya chombo, kabla ya kumwita mzembe.

Wasikubali jibu kwamba pikipiki fupi haifanyi kazi. Honda Super Cub, iliyotoka mwaka 1958, ni ya chini na wazi mbele ya kiti, hata mwenye sketi hupanda bila shida. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na duniani kote zimebeba barua, mboga na mizigo ya wafanyakazi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika sehemu yetu ya kazi, nani anaendesha pikipiki asiyoifikia chini?
2. Nani huchagua pikipiki zinazonunuliwa, na je, yeye huziendesha?
3. Tunaweza kununua mkanda mmoja wa kupimia kwa matumizi ya wote?

Leteni mkanda huo kwenye mkutano ujao. Tutapimana.