Nakala Mbili, Habari Moja: Jinsi ya Kupima Kiungo cha Maghala ya Data

Utangulizi

Katika milima ya Upare, wilayani Same, wakulima wana mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Usiku maji ya kijito huongozwa kwa mfereji hadi ndivani. Asubuhi lango hufunguliwa, na mashamba humwagiliwa kwa zamu. Ndiva ikikutwa pungufu, haitoshi kuitazama na kusikitika. Yabidi mtu aufuate mfereji ajue kama maji yamekatika, yanavuja, au yanakuja polepole mno.

Maghala ya data nayo huhitaji mtu wa kuufuata mfereji. Ghala la data ni kundi la kompyuta zilizounganishwa ili zihifadhi habari kwa pamoja. Kwa kuhofia moto, mafuriko au kuharibika kwa mitambo, habari za ghala moja hunakiliwa katika ghala la pili lililo mbali. Njia ipitishayo nakala hizo twaiita kiungo cha unakili.

Hata hivyo, mfano wetu una mpaka wake. Maji yakishateremka hayapo tena juu, bali habari inakiliwapo hubaki pande zote mbili. Kwa hiyo mpimaji wa kiungo ana maswali matatu: Je, kiungo ki hai? Kiko nyuma kiasi gani? Je, nakala zinafanana?

Tuchukulie kwamba shule moja ya sekondari milimani hutunza alama za wanafunzi katika kompyuta zake, na kila alama iandikwayo hunakiliwa katika ghala la pili mjini Same.

1. Je, kiungo ki hai?

Ghala la kwanza hupeleka ishara fupi kila baada ya muda maalumu, mathalani sekunde 10. Ishara moja ikikosekana si hoja. Zikikosekana kadhaa mfululizo, onyo hutolewa. Lakini ukimya hausemi ni nini kilichotokea. Ghala la Same haliwezi kujua kwa ukimya tu kama mwenzake amezimika au njia ndiyo iliyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na katika nchi jirani. Kompyuta za ng'ambo zilikuwa zikifanya kazi kama kawaida. Kilichopungua ni njia ya kuzifikia.

Kosa la kudhani kuwa mwenzako amekufa ni kubwa. Kila ghala likijifanya kuwa ndilo kuu na kupokea alama mpya, patakuwa na madaftari mawili yanayopingana. Ndiyo sababu aghalabu huwekwa shahidi wa tatu, ili ghala lipewe ukuu kwa kura mbili kati ya tatu.

2. Kiko nyuma kiasi gani?

Kila andiko hupewa namba ya mfuatano. Ikiwa shule imefikia andiko la 240 na Same imefikia la 225, bakaa ni maandiko 15. Shule ikiteketea kwa moto wakati huo, maandiko hayo 15 hayatapatikana mjini.

Sasa kiungo kikatike kwa saa 3, na shule iandike alama 20 kila saa. Bakaa itakuwa 60. Kiungo kikirudi na kupitisha alama 50 kwa saa, 20 kati ya hizo ni mpya, hivyo bakaa hupungua kwa 30 kila saa na kwisha baada ya saa 2. Lakini kikipitisha 20 tu kwa saa, bakaa haitakwisha kamwe, ingawa ishara ya uhai yafika bila kukosa.

3. Je, nakala zinafanana?

Badala ya kusoma madaftari yote mawili, kila ghala hukokotoa namba ya uhakiki, kisha namba hizo hulinganishwa. Chukua alama 4, 7, 2, 9. Jumla yake ni 22. Lakini 7 na 2 zikibadilishana nafasi, jumla hubaki 22 na kosa halionekani. Basi zidisha kila alama kwa nafasi yake:

1×4 + 2×7 + 3×2 + 4×9 = 60
1×4 + 2×2 + 3×7 + 4×9 = 65

Kosa limefichuka. Kompyuta hutumia kanuni ndefu zaidi ili iwe vigumu mno kwa data mbili tofauti kutoa namba moja.

Funzo la mwaka 2017

Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ghala la pili lilibaki nyuma hata unakili ukasimama. Fundi alikusudia kulisafisha ili aanze upya, lakini amri aliitoa katika ghala kuu. Nakala za akiba za kila siku zilipotafutwa, ilionekana kuwa zilikuwa hazitengenezwi, na barua za onyo zilikuwa zimekataliwa njiani. Kilichookoa kazi ni nakala iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya tukio. Maandiko ya saa hizo yalipotea.

Hivyo nakala isiyopimwa ni matumaini tu. Tena tukumbuke kwamba kiungo hunakili hata kosa: alama ikifutwa shuleni, hufutwa na Same. Nakala za akiba za siku zilizopita zahitajika pamoja na kiungo, nazo zijaribiwe kwa kurejeshwa.

Maswali

1. Kiungo kilikatika kwa saa 5. Shule huandika alama 30 kwa saa, na kiungo kikirudi hupitisha 80 kwa saa. Bakaa itakwisha baada ya saa ngapi?
2. Kokotoa namba ya uhakiki ya 3, 8, 5, 6. Badilisha nafasi za 8 na 5, kisha linganisha.
3. Ishara ya uhai yafika daima, lakini bakaa yaongezeka kila saa. Eleza sababu, ukitumia mfano wa mfereji na ndiva.

Majibu: (1) saa 3. (2) 58 na 61. (3) Jadilianeni darasani.