Auschwitz: Tunazuru au tunatembea?

Ndugu msomaji, kutembea na kuzuru ni mambo mawili tofauti, ingawa siku hizi watu huyachanganya. Mtu hutembea ufukweni apunge upepo, kisha akarudi nyumbani. Lakini mgonjwa huzuriwa na makaburi huzuriwa, na anayezuru huenda na adabu zake. Tofauti hii nimeiona waziwazi Auschwitz, kusini mwa Poland, mahali nilipojaaliwa kufika mara mbili: Februari 2012 nikiwa mwanafunzi, na Agosti 2024 nikiwa mwalimu.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Wanazi wa Ujerumani, baada ya kuivamia Poland, walianzisha kambi hiyo mwaka 1940 kando ya mji wa Oświęcim. Hadi jeshi la Kisovieti lilipoikomboa tarehe 27 Januari 1945, watu wapatao milioni 1.1 walikuwa wamepoteza maisha humo. Karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi, walioletwa kwa treni kutoka nchi nyingi za Ulaya, na wengi wao walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi ya sumu. Wengine walikuwa Wapoland, Waroma na wafungwa wa kivita wa Kisovieti. Mwaka 1947 Bunge la Poland liliifanya kambi hiyo kuwa makumbusho, na miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo walikuwamo wafungwa walionusurika.

Ni nini basi kilichobadilika? Mwaka 2001 walifika wageni karibu nusu milioni. Mwaka 2012 walikuwa milioni 1.4, na mwaka 2019 wakapita milioni 2.3. Baada ya janga la korona idadi ilipanda tena, na mwaka 2024 walifika zaidi ya milioni 1.8. Ndege za bei nafuu zinatua Kraków kutoka miji mingi ya Ulaya, na wakala wa utalii wanauza safari ya siku moja: asubuhi Auschwitz, mchana machimbo ya chumvi ya Wieliczka, jioni umerudi hotelini.

Mara ya kwanza, katika baridi kali, nilisimama mbele ya rundo la viatu vya waliouawa kwa muda nilioutaka mwenyewe. Viatu vya watoto vilinishika miguu. Mara ya pili tuliingia kwa zamu, kila kundi na kiongozi wake, vifaa vya kusikilizia masikioni. Mbele ya viatu vilevile tulipata dakika chache tu, kwani nyuma yetu kundi jingine lilikuwa limeshafika mlangoni. Kule Birkenau niliona vijana wakipangana juu ya reli wapigane picha huku wakicheka. Si jambo geni: mwaka 2019 uongozi wa makumbusho ulilazimika kuwaomba wageni hadharani waache kutembea juu ya reli hizo kama wanaofanya mazoezi ya viungo.

Wapo wanaosema dawa ni kuwazuia watu. Mimi sikubaliani nao. Walionusurika wanazidi kutuacha mwaka hadi mwaka, na wapo wanaodai kuwa mauaji yale hayakutokea. Kila anayepaona mahali pale kwa macho yake anarudi kwao akiwa shahidi. Uongozi nao umefanya sehemu yake: tiketi hutolewa kwa jina la mgeni, picha zimekatazwa katika chumba chenye nywele za waliouawa, na watoto wa chini ya miaka 14 hawashauriwi kuingia. Kwenye njia mpya ya kuingilia, majina ya waliouawa husomwa kwa sauti. Lakini mlinzi hukagua begi. Nia hakagui.

Huenda msomaji akauliza: haya yanatuhusu nini sisi? Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akahamia Ujerumani mwaka 1929, ambako alifundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Bila kufikishwa mahakamani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin, na humo akafariki tarehe 24 Novemba 1944. Ni mtu wa mji wetu, na jina lake ni la Kiislamu.

Wengine watasema kwamba kuwahurumia waliouawa kule ni kuwasahau Wapalestina. Hoja hii haisimami. Dhulma haipimwi kwa kabila la aliyedhulumiwa, na anayeililia damu ya Gaza ana sababu zaidi ya kuiheshimu damu iliyomwagwa Poland. Januari 2020 ujumbe wa Rabita, ukiongozwa na katibu mkuu wake, Mohammad Al-Issa, ulifika Auschwitz na kusali pale.

Kwa hiyo, mwenye kujaaliwa kufika katika mahali kama hapa na ashike mambo matatu. Kwanza, asome kabla ya kwenda, ili asije akategemea dakika chache za kiongozi. Pili, apatengee siku nzima, na ikiwezekana aende nje ya msimu wa watalii. Machimbo ya chumvi yana siku yake. Tatu, simu ibaki mfukoni. Tumeruhusiwa kuzuru makaburi ili tuyakumbuke mauti na akhera, na wengi wa waliouawa Auschwitz hawakupata hata kaburi: majivu yao yalimwagwa mitoni na mashambani. Ardhi yote ile ndiyo kaburi lao, na anayeikanyaga aikanyage akilijua hilo.

Wabillahi tawfiq.