Kutafuta Sauti Iliyopotea Katika Kompyuta ya Linux

Mwanafunzi asiyeona anapoketi mbele ya kompyuta, kioo chake hakimfai kitu. Anachokitegemea ni programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Katika mfumo wa Linux programu hiyo aghalabu ni Orca, nayo huazima sauti ya eSpeak, msemaji wa kielektroniki ambaye miongoni mwa lugha zake nyingi anakijua pia Kiswahili. Hutamka kwa ukavu, na lafudhi yake si ya Unguja wala si ya Ngara, lakini hueleweka. Sauti ikikatika, wanafunzi wanaoona husema "spika imekufa" na kuendelea na kazi yao. Yule asiyeona kazi yake imekoma.

Ichukuliwe, kwa mfano, shule ya sekondari katika kata ya Mabawe, wilayani Ngara: wanafunzi wengi katika darasa moja, paa la mabati, kompyuta mbili tatu zilizotumika kwingine kabla ya kufika hapo, na fundi ambaye ni lazima afuatwe mjini. Linux hupendwa mahali pa namna hii kwa kuwa hailipiwi leseni, na huweza kufufua mashine kuukuu. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Watanzania nao hawakukawia sana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi uitwao KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Jambo ambalo mara nyingi humkatisha tamaa mwalimu aliyeipokea mashine ya Linux ni sauti. Makala hii inaonyesha namna ya kuitafuta inapopotea, kisha namna ya kuisawazisha ili isikike vema.

Safari ya sauti

Sauti iliyohifadhiwa katika kompyuta si sauti, bali ni orodha ndefu ya tarakimu. Kila sekunde huandikwa kwa vipimo 44,100 au 48,000, na kila kipimo hueleza mahali ngozi ya spika inapopaswa kuwa wakati huo. Programu inayotoa sauti, iwe Orca au kicheza muziki, huzikabidhi tarakimu hizo kwa mtumishi wa sauti, yaani programu inayokaa katikati na kuzichanganya sauti za programu zote. Kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na PulseAudio, iliyoanza mwaka 2004. Katika matoleo ya karibuni nafasi yake imechukuliwa na PipeWire, iliyobuniwa na Wim Taymans, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2023. Mtumishi huzipeleka tarakimu kwa ALSA, ambayo ni sehemu ya kiini cha Linux inayosemezana na kadi ya sauti. Kadi huzigeuza kuwa umeme, amplifaya huupa umeme huo nguvu, na spika huugeuza kuwa mtetemo wa hewa.

Basi kuna pete sita katika mnyororo huu: programu, mtumishi, ALSA, kadi, amplifaya na spika. Kukatika kwa pete yoyote huleta ukimya ule ule, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu mwenye haraka huanza kufuta programu na kuziweka upya, na baada ya saa mbili hajui tena kosa lilikuwa lake au la mashine. Njia iliyo bora ni kuupima mnyororo katikati. Jibu moja litaonyesha nusu ipi ni nzima, na nusu hiyo iachwe bila kuguswa.

Kabla ya hapo, hata hivyo, yatazamwe mambo mawili mepesi. La kwanza ni tundu la hedifoni. Kompyuta nyingi hunyamazisha spika zake mara hedifoni inapochomekwa, na vumbi likijaa tunduni huweza kuidanganya mashine kwamba hedifoni bado imo. La pili ni projekta. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, kwa hiyo kompyuta iliyounganishwa na projekta huenda ikapeleka sauti yote huko, hata kama projekta yenyewe haina spika. Mwalimu afungue mipangilio ya sauti na kuchagua kwa mkono wake mahali sauti inapopaswa kutokea.

Kupima katikati

Ikiwa ukimya unaendelea, lifunguliwe dirisha la amri na iandikwe:

aplay -l

Kompyuta itaorodhesha kadi za sauti inazozitambua, kila moja na namba yake. Kisha iandikwe amri ifuatayo, ambayo tarakimu yake ya kwanza ni namba ya kadi, na ya pili ni namba ya kifaa ndani ya kadi hiyo:

speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav

Amri hii humruka mtumishi wa sauti na kwenda moja kwa moja kwa ALSA. Ikijibiwa kuwa kifaa kina shughuli, zifungwe programu zote zenye sauti, zipite sekunde kadhaa, na ijaribiwe tena. Sauti ya mtu itataja kwa Kiingereza spika ya kushoto, kisha ya kulia. Kuisimamisha ni kubonyeza Ctrl pamoja na C.

Sauti hiyo ikisikika, basi kadi, amplifaya na spika vyote ni vizima, na kosa liko kwa mtumishi au kwa programu. Mtumishi huwashwa upya kwa amri hii:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Bado kukiwa kimya, ifunguliwe programu ya pavucontrol wakati muziki unaendelea. Humo kila programu ina kipimo chake cha sauti, na si ajabu kukuta moja imenyamazishwa peke yake, pengine na mwanafunzi aliyeitumia jana.

Sauti isiposikika, kosa liko upande wa chini. Hapo iandikwe alsamixer, kisha kibonyezwe F6 ili ichaguliwe kadi yenyewe. Bila F6 huonekana mara nyingi mlango wa mtumishi tu, wala si kadi. Nguzo zitatokea, kila moja na herufi chini yake. MM maana yake imenyamazishwa. 00 maana yake iko wazi. Herufi M hubadilisha hali hiyo, na mshale wa juu huipandisha nguzo. Palepale huwapo kitu kiitwacho Auto-Mute. Kikizimwa nayo sauti ikarudi, basi mkosaji ni lile tundu lenye vumbi.

Iwapo orodha ya kadi ilikuwa tupu tangu mwanzo, kiini hakijaitambua kadi. Kwa mashine kuukuu hili ni nadra. Kwa kompyuta za mkononi za miaka ya karibuni zenye chipu za Intel ni la kawaida zaidi, kwa sababu chipu nyingi za sauti za siku hizi huhitaji kupakiwa programu ndogo ya ndani kila mashine inapowaka. Katika Debian programu hiyo imo katika kifurushi kiitwacho firmware-sof-signed. Tangu toleo la 12, la mwaka 2023, vifurushi vya aina hiyo huja pamoja na diski ya kusakinishia. Kwa matoleo ya nyuma havina budi kuletwa kwa fleshi pale ambapo intaneti haifiki.

Kuna pia sauti isiyopotea bali hukatikakatika. Mtumishi huzituma tarakimu kwa mafungu, na fungu la kawaida la PipeWire ni vipimo 1,024. Kwa vipimo 48,000 kila sekunde, fungu hilo linatosha kwa sekunde 0.021 tu. Kichakataji kikongwe kikichelewa kuleta fungu lijalo, spika hukosa chakula na msikilizaji husikia mchakacho. Amri hii huliongeza fungu mara mbili, na mashine ikapata nafasi ya kupumua:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048

Ucheleweshaji wa sekunde 0.043 hauna madhara kwa somo linalosikilizwa.

Ikwalaiza na sikio la darasa

Ikwalaiza hugawa sauti katika bendi kufuatana na idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi, na kila bendi huweza kupandishwa au kushushwa peke yake. Kwa watumiaji wa PipeWire iliyo maarufu ni EasyEffects. Kanuni ya kwanza ni kwamba kosa lisitafutwe huku ikwalaiza ikiwa imewashwa, kwa kuwa programu hii hujiongeza kama pete ya saba katika mnyororo.

Vijana hupenda kupandisha bendi za chini ili ngoma idunde. Desibeli zina hesabu kali, lakini. Kila desibeli 3 huongeza maradufu nguvu inayodaiwa. Desibeli 12, kwa hiyo, ni mara 16 hivi. Amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 2 itadaiwa wati 32, nayo haina. Tena spika ndogo ya kompyuta ya mkononi haitoi kwa maana yoyote sauti zilizo chini ya hezi 100, kwa hiyo nguvu hiyo hugeuka joto na mkwaruzo. Ndani ya tarakimu nako kuna dari: katika sauti ya biti 16 kipimo hakiwezi kuzidi 32,767. Wimbi likipandishwa kupita hapo, kichwa chake hukatwa bapa, na hukwaruza hata kama spika ni ya gharama kubwa. Ndiyo sababu kila bendi moja inapopandishwa desibeli 4, sauti ya jumla inayoingia katika ikwalaiza ishushwe desibeli 4. Kwa sababu hiyo hiyo kipimo cha sauti kisipitishwe asilimia 100, ingawa baadhi ya mashine huruhusu.

Mazungumzo ya binadamu yana mahitaji tofauti na ngoma. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume huwa kati ya hezi 85 na 180 hivi, wa mwanamke kati ya 165 na 255. Humo mna nguvu nyingi, lakini maana ni chache. Maneno suka, shuka na fuka hutofautiana kwa konsonanti ya mwanzo tu, na mivumo ya s, sh na f hukaa juu ya hezi 2,000. Msikilizaji asiyezipata bendi hizo husikia "-uka" tupu. Basi kwa somo la kusikiliza bendi zilizo chini ya hezi 100 zishushwe desibeli 6 au zaidi. Zile za 250 hadi 400, ambazo katika chumba chenye mwangwi huleta uzito kama wa kusemea mtungini, zishushwe desibeli 3. Na za 2,000 hadi 4,000 zipandishwe desibeli 4.

Mwalimu wa Ngara aweza kuuliza kama kukata chini hakutaharibu lugha ambazo toni hubeba maana, kama vile Kirundi na Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kihangaza kinachosemwa hapo. Haiharibu. Simu ya kawaida hupitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na mtetemo wa msingi haumo, lakini wasemaji wa lugha hizo huelewana kwa simu bila shida, kwa sababu sikio huukisia mtetemo huo kutokana na mitetemo ya juu iliyo vigawe vyake.

Ikwalaiza haiwezi kurudisha kisichokuwapo. Hadithi za wazee zilizorekodiwa kwa simu ndogo katika umbo la AMR huandikwa kwa vipimo 8,000 kila sekunde, na kwa kanuni ya nusu ya vipimo haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Bendi ya hezi 6,000 ikipandishwa katika rekodi hiyo, kinachopanda ni utupu. Mzee aliyerekodiwa hivyo akiisha kufariki, s na f zake hazitapatikana tena. Wanaokusanya hadithi hizo wachague vipimo 44,100 au 48,000, hata kama faili litakuwa kubwa.

Wala ikwalaiza si dawa ya mvumo wa umeme. Mitambo ya Rusumo, iliyo katika mto Kagera mpakani mwa Ngara na Rwanda na iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2023, huzalisha umeme wa hezi 50, kama gridi yote ya Afrika Mashariki. Mvumo wa hezi 50 na 100 ukisikika katika spika, ichomolewe chaja na kompyuta itumie betri. Mvumo ukitoweka, tatizo ni la nyaya na kutuama kwa umeme ardhini, na kwanza ijaribiwe kuchomeka kompyuta na amplifaya katika soketi moja.

Zoezi

Mwanafunzi mmoja arekodiwe akisoma maneno 30 kwa mpangilio wa bahati nasibu kutoka katika orodha hii: suka, shuka, fuka, pata, kata, fua, vua, jua. Darasa lisikilize na kuandika mara tatu, kila mara kwa mpangilio mpya: ikwalaiza ikiwa imezimwa, bendi zote za juu ya hezi 2,000 zikiwa zimeshushwa kabisa, kisha zile za chini ya 250. Makosa yahesabiwe na kuchorwa katika grafu. Mara ya pili sauti itakuwa nene na makosa yatakuwa mengi. Mara ya tatu itakuwa nyembamba kama ya redio ndogo, na makosa yatakuwa machache.

Zoezi lirudiwe siku ya mvua. Mngurumo wa mvua juu ya mabati umeenea katika bendi zote, kwa hiyo hakuna bendi ya kushusha itakayouondoa bila kuiondoa sauti ya msomaji pia. Siku hiyo spika isogezwe katikati ya darasa: mahali pasipo mwangwi mwingi, umbali ukipungua nusu, sauti huongezeka desibeli 6, na amplifaya haidaiwi hata wati moja zaidi.