Gari Liitwalo Bata

Kiboko hukaa majini mchana, na usiku hutoka kula majani nchi kavu. Chura naye ana makao kote kuwili. Binadamu ametengeneza gari la namna hiyo. Hutembea barabarani kama lori, na likifika ziwani huingia majini na kuelea kama mashua.

Gari moja la aina hii liliundwa Marekani mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari waliliita Bata. Lilikuwa na magurudumu 6 na lilibeba tani 2 na nusu. Barabarani liliweza kukimbia kilometa 80 kwa saa. Majini lilikwenda kilometa 10 tu.

Je, chuma kizito kinaeleaje? Weka sufuria tupu juu ya maji ndani ya ndoo. Inaelea. Sufuria inasukuma maji pembeni, na maji nayo yanaisukuma juu. Sasa mimina maji ndani yake kidogo kidogo. Mwisho itazama. Bata nalo ni hivyo hivyo. Tumbo lake limeungwa kama mashua. Nyuma kuna rafadha, yaani panga linalozunguka na kulisukuma mbele. Tena kuna pampu za kukumba maji yanayovuja.

Kila mwenye baiskeli anajua taabu ya mchanga. Dereva wa Bata aliweza kupunguza upepo wa matairi akiwa amekaa kitini, ili yatandae juu ya mchanga. Akifika barabara ngumu aliyajaza tena. Hapo mafundi walifikiri sana!

Mwanzoni wakubwa wa jeshi hawakuliamini. Desemba 1942, chombo cha walinzi wa pwani kilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na Provincetown, Marekani. Kulikuwa na dhoruba kali. Bata likaingia baharini na kuwaokoa watu 7. Baadaye yalitengenezwa zaidi ya 20,000. Mwaka 1944 yalichukua mizigo kutoka melini hadi pwani ya Normandy, Ufaransa.

Vita vilipokwisha, watu binafsi walinunua Bata na kuyatumia kutembeza watalii. Waliyawekea paa la kuzuia jua na mvua. Tarehe 1 Mei 1999, Bata moja lilizama katika Ziwa Hamilton, Arkansas. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umelegea, maji yakaingia. Watu 13 walikufa, baadhi yao wakiwa wamenaswa chini ya paa.

Wachunguzi walishauri paa ziondolewe. Mtu aliyevaa jaketi la kujiokolea husukumwa juu na maji. Kama juu yake kuna paa, hubanwa hapo hapo.

Wenye magari wengi hawakuziondoa. Tarehe 19 Julai 2018, Bata jingine liliingia Ziwa Table Rock, Missouri, ingawa onyo la dhoruba lilikuwa limekwisha tolewa. Lilikuwa na watu 31 na paa lake. Watu 17 walikufa, wakiwamo watoto. Sheria ya kuondoa paa ilipitishwa mwishoni mwa mwaka 2022, zaidi ya miaka 20 baada ya ajali ile ya 1999.

Maswali

1. Kwa nini Bata huhitaji pampu?
2. Kwa nini dereva alipunguza upepo wa matairi?
3. Vyombo vya majini unavyovijua vina paa? Abiria wake hutokaje vikizama?