Friji haipozi? Kagua haya kabla ya kulipia gesi

Msimu wa kaskazi, wavuvi wa Pwani huingia baharini kwa wingi, na joto nalo huwa kali. Kwa mama karanga anayenunua vibua asubuhi ili akaange jioni, friji iliyoacha kupoza ni hasara ya siku nzima. Kwa mteja wake inaweza kuwa ugonjwa. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki hata samaki akikaangwa hadi akauke.

Friji inapoharibika, neno la kwanza kusikika mara nyingi ni "gesi imeisha". Lakini gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huisukuma, nayo hubeba joto kutoka ndani na kulitoa kupitia mabomba ya nyuma. Ikipungua, ina maana kuna mahali inavuja. Kwa hivyo mwenye friji ana sababu ya kumaliza ukaguzi ufuatao kabla ya kutoa pesa.

Pima kwanza

Kipimajoto kiwekwe ndani ya gilasi ya maji kwenye rafu ya katikati na kiachwe usiku kucha. Friji nzuri husoma nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake. Friza inatakiwa kufika nyuzi 18 chini ya sufuri.

Umeme

Taa ya ndani isipowaka, aangalie soketi, plagi na kama tokeni zimebaki. Taa ikiwaka lakini kompresa inatoa mlio wa "tik", inanguruma kidogo kisha inanyamaza, huenda umeme ni mdogo, au kifaa cha kuwashia kompresa kimeharibika. Taa za nyumba zikiwa zimefifia wakati huo huo, friji ichomolewe hadi umeme utulie, kwa sababu kompresa inayolazimishwa kuwaka huungua. Kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ni nafuu kuliko kompresa mpya.

Kidhibiti cha baridi

Namba 1 hadi 7 zilizo kwenye kidhibiti si nyuzi za joto. Kwa friji nyingi, namba kubwa huleta baridi zaidi. Mtu aliyerudisha kidhibiti kwenye 1 akidhani ndiyo baridi kali, amefanya kinyume.

Mlango

Karatasi ibanwe kati ya mlango na friji, kisha ivutwe. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya joto inaingia mahali hapo. Jaribio lirudiwe pande zote nne. Mara nyingi raba ya mlango ni chafu tu, na maji vuguvugu yenye sabuni hutosha kuirejesha. Iliyopasuka au kukakamaa ibadilishwe.

Hewa na vumbi

Friji iliyosukumwa hadi ukutani, au iliyo karibu na jiko, haina pa kutoa joto lake. Iachiwe nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake. Baada ya kuichomoa, mabomba ya nyuma yasafishwe vumbi na utando wa buibui kwa brashi laini. Wanaoishi karibu na bahari waangalie pia kutu, maana hewa ya chumvi hula mabomba na ndipo gesi huanza kuvujia.

Barafu na mzigo

Juu kukiganda huku chini kukiwa na joto, huenda barafu imeziba njia ya hewa au feni ya ndani imesimama. Friji izimwe, mlango uachwe wazi, barafu iyeyuke yenyewe. Kuichokonoa kwa kisu ndiyo njia ya haraka ya kutoboa bomba na kupoteza gesi yote.

Friji ya nyumbani pia haikuundwa kupoza ndoo nzima ya samaki kwa mara moja. Samaki wapozwe kwanza kwa barafu iliyopondwa, kisha wapangwe bila kubanana ili hewa ipite. Chakula kilichopikwa nacho kipoe kidogo kwanza, lakini kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Wakati wa kumwita fundi

Ikiwa kompresa inanguruma mfululizo, ndani hakuna baridi, na mabomba ya nyuma au kuta za pembeni hazina joto lolote, huenda gesi imevuja au kompresa imechoka. Hapo ni kazi ya fundi. Mwenye friji amuulize jambo moja: "Inavuja wapi, na utapaziba vipi?" Anayejaza gesi bila kuziba tundu ataitwa tena baada ya muda mfupi, na malipo yataanza upya.

Aangalie pia kibandiko kilicho kwenye kompresa. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo hushika moto. Kazi hiyo isifanywe karibu na jiko linalowaka wala na mtu asiye na ujuzi wa gesi hiyo.

Chakula kilichomo

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Baada ya muda huo, nyama, maziwa, samaki na chakula kilichopikwa vikikaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa mbili vitupwe. Mwenye insulini kwenye friji, ambayo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, awasiliane na kituo chake cha afya kabla ya kuitumia.

Pua isitumike kama kipimo. Kibua chenye histamini kinaweza kunukia na kuonekana kama aliyevuliwa leo. Anayejua friji ilizima saa ngapi ndiye anayeweza kuamua vyema, kwa hivyo saa hiyo iandikwe mara tu inapogunduliwa.