Mtoto anapougua akili: Kumpeleka kwa daktari si upungufu wa imani

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wiki hii tujadili jambo ambalo katika nyumba zetu huzungumzwa kwa kunong'ona. Ni maradhi ya akili kwa watoto na vijana, na yule daktari ambaye wazazi wengi humwogopa kuliko maradhi yenyewe, yaani daktari bingwa wa magonjwa ya akili.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha madrasa ya jioni hapa Dar es Salaam. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 16, aliyekwisha hifadhi juzuu tano, alianza kubadilika. Usiku halali, anacheka peke yake, anadai kuna watu wanamsema nyuma ya ukuta. Mimi, pamoja na shahada yangu ya chuo kikuu, nilimchapa viboko nikidhani ni jeuri. Wazee wake wakasema ana jini, wakampeleka kwa mganga. Huko alifungwa mnyororo mguuni kwa miezi mitatu, akafukizwa, akachinjiwa kuku bila kutajwa jina la Allah. Fedha zikaisha, na mtoto akazidi kuharibika. Alipofikishwa hospitali, daktari hakushangaa. Aliuliza tu, "Mbona mmechelewa?" Leo kijana yule anatumia dawa na amerudi shule, lakini alipoteza mwaka mzima na kovu la mnyororo lingali mguuni. Swali lile la daktari linanihusu na mimi.

Je, Uislamu unasemaje? Kwanza, Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba hakuna maradhi aliyoyateremsha Allah ila ameyateremshia na dawa. Hapo hayakubaguliwa maradhi ya mwili na ya akili. Pili, katika hadithi mashuhuri ya watu watatu walioondolewa kalamu, yaani wasioandikiwa dhambi, yumo mwenye wazimu mpaka apate akili, na yumo mtoto mpaka abaleghe. Sasa ikiwa Allah hamhesabii, sisi tunamchapa kwa sheria gani?

Wema waliotangulia walilifahamu hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu siha ya mwili na siha ya nafsi, na humo alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi. Hospitali aliyoijenga Nur al-Din mjini Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo ya mwaka 1284, zilipokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Waislamu wale waliamini majini kama tunavyoamini sisi, lakini hawakumsingizia jini kila ugonjwa.

Hapa pana mkanganyiko wa kuondoa. Kumsomea mgonjwa Qur'an na dua ni Sunna, na hakuna daktari mwenye busara atakayekukataza. Kwenda kwa mpiga ramli ni jambo jingine. Imamu Muslim amepokea kuwa anayemwendea na kumuuliza haikubaliwi swala yake siku arobaini. Msomee mwanao nyumbani, kisha mpeleke hospitali. Mawili hayo hayagombani.

Daktari huyo hufanya nini? Huyu ni tabibu aliyesomea udaktari kamili, kisha akabobea katika akili. Kwa hiyo kwanza huhakikisha kuwa tatizo halitokani na malaria iliyopanda kichwani, kifafa, tezi ya shingo au bangi. Huwauliza wazazi historia ya mtoto tangu mimba. Mtoto mdogo humtazama akicheza na kuchora, kwani hajui kusema "nina huzuni". Kijana huzungumza naye peke yake, kwa sababu yapo ambayo hawezi kuyatamka mbele ya baba, kama vile kunajisiwa. Huuliza pia habari za shuleni. Tiba nayo si vidonge tu. Watoto wengi hutibiwa kwa mazungumzo na kwa kuwafundisha wazazi namna ya kuishi nao.

Wazazi huniuliza: je, dawa hizi hazimfanyi mtoto teja? Nyingi hazina uraibu. Chache zinao, ndiyo maana hutolewa kwa kipimo na uangalizi. Nyingine huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, hivyo msiziache njiani kwa kuona hazifanyi kazi, wala msizikatishe ghafla mtoto akipata ahueni. Ama binti, mnaweza kuomba daktari wa kike, au mama akae karibu. Na Ramadhani ikifika, muulizeni daktari kuhusu saa za dawa kabla ya kumfungisha mtoto, kwani mgonjwa ana ruhusa katika Suratul Baqara.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya kila saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa kipimo hicho, madrasa yenye vijana 70 wa umri huo ina kama 10. Je, ustadhi, wako unawajua?

Dalili si kuongea peke yake tu. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akajitenga, aliyeacha kukojoa kitandani akarudia, anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule na vipimo havioni kitu, au aliyegeuka mwenye hasira bila sababu, asipuuzwe. Akisema anataka kufa, msimwambie ni imani dogo mkaishia hapo. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Anzeni hospitali iliyo karibu nanyi na muombe rufaa. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma ipo Mirembe. Mabingwa wa watoto ni wachache, na foleni ni ndefu. Hiyo ni sababu ya kuwahi.

Nawaomba maimamu walitaje jambo hili mimbarini, na walimu wenzangu tuweke viboko chini kwanza, tuulize. Mtoto ni amana, na amana itaulizwa. Ewe Allah, waponye watoto wetu, na utusamehe tuliowachelewesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.